Nirudishie Pazia la Blogu Yangu

Kwa Binti wa Dada Yangu,
Mtengenezaji wa Tovuti,
Chumba cha Juu ya Duka la Dawa,
Hapa Mjini.

KUHUSU: KUVULIWA NGUO KWA BLOGU YANGU MBELE YA WAGENI

Ndugu Mtengenezaji wa Tovuti,

Kichwa cha barua kimekwisha kusema nusu ya yaliyo moyoni mwangu. Nusu iliyobaki naiandika hapa kwa utulivu, kadiri ninavyoweza.

Kwanza hujambo, mwanangu? Nakusalimu kwa sababu mimi, tofauti na baadhi ya watu, bado naamini mtu husalimiwa kabla ya kuambiwa jambo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baba yako mdogo na mgongo wake, na mimi na blogu yangu. Utashangaa kwa nini naandika kwa kalamu wakati namba yako ninayo. Ni kwa sababu nikikutumia ujumbe unanijibu "sawa Mama Mdogo" pamoja na kile kiuso cha manjano kinachocheka mpaka kutoa machozi, na suala hili si la kuchekwa na kiuso cha manjano.

Nikukumbushe tulikotoka, usije ukasema sikueleza. Tangu nilipotundika mkasi na kufunga chumba cha kushonea, nimebaki na visa vingi kichwani vya nyumba nilizozivisha mapazia, na sina wa kumsimulia isipokuwa baba yako mdogo, ambaye ameshavisikia vyote na sasa ananisahihisha. Ndipo wewe mwenyewe ukanishauri nifungue blogu. Nikakubali, tena nikakwambia sababu bila kuficha: nataka mama yako aisome. Wengine watakaopenda kusoma karibu sana, waingie, wakae, lakini mgeni wa heshima ni dada yangu. Nikaandika kisa cha kwanza, ukakisifu. Baada ya hapo nikaingia kwenye kazi yenyewe hasa, yaani kupamba. Mvua zilinikuta napamba, zikakatika nikiwa bado napamba. Sikutaka msaada wa mtu. Nilipomaliza nilikukabidhi kwa sharti moja tu, kwamba uangalie kama skrubu zimekaza, kisha uifungue rasmi.

Jana asubuhi ikafunguliwa. Nilikuwa nimemwalika jirani yetu fundi friji aje kushuhudia. Nilivaa gauni lile la harusi ya kaka yako, nikafuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa chenye unyevu, na baba yako mdogo akapewa heshima ya kubonyeza. Akabonyeza. Tukaona weupe, na juu yake maneno na picha moja tu. Fundi friji, ambaye ni mtu wa adabu, akasema tusiwe na haraka, huenda ndiyo kwanza inashika baridi. Tukasubiri. Baba yako mdogo akaipiga kompyuta kofi la ubavuni. Tukasubiri tena. Ndipo nilipong'amua, mwanangu, kwamba hakuna kilichokuwa kinakuja. Ilikuwa imeshafika, tupu kama ilivyozaliwa.

Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo, na nakuomba uyasome kwa mpangilio, maana nimeyapanga kulingana na yanavyouma.

1. WEUPE. Mimi ni fundi mapazia. Maisha yangu yote nimeishi kwa imani moja, kwamba kitu kikiwa kitupu kivishwe. Dirisha tupu hunikosesha raha. Nimewahi kukaa mbele ya daktari akiniuliza tumbo linauma upande gani, na mimi nampimia dirisha lake kwa macho. Halafu mtu kama mimi unamkabidhi ukurasa ambao hata ukuta wa zahanati una rangi kuushinda! Nilikuwa nimetandaza nyuma ya maneno kitambaa changu cha waridi. Na halikuwa waridi la kuokota mtandaoni. Ni kitambaa halisi, mabaki ya jora lile zuri, nimekipiga pasi mwenyewe, nikakitandaza juu ya meza ya chakula na kukipiga picha huku baba yako mdogo ameshika taa na kulalamika.

Uliniambia kwamba juu ya waridi maneno hayaonekani. Sasa nikuulize. Mgeni akiketi kwenye kochi lako, si anaziba kochi? Umewahi kusikia kochi limelalamika? Basi na maneno yangu yalikuwa yameketi juu ya waridi kwa amani, na aliyetaka kuyaona angesogea karibu, kama watu wanavyosogea karibu na kitu kizuri. Ukasema pia kwamba huo weupe ni nafasi ya kupumua. Nani anapumua? Maneno hayana mapafu. Katika fani yetu, fundi anayekuachia nafasi kubwa hivyo bila mkunjo wowote hatumwiti msanii. Tunamwambia arudishe kitambaa cha watu.

2. HERUFI. Nilichagua zile herufi za kadi za harusi, zenye mikia, ambazo moja ikianza humkumbatia jirani yake kiunoni na kuja kumalizikia mstari wa chini. Nakiri kwamba neno "mapazia" lilikuwa linaonekana kama uzi uliokorogeka, lakini ulikuwa uzi mzuri. Ulichoniwekea wewe ni herufi zilizosimama wima, nyeusi tii, zisizo na hata pindo, na ukubwa wake, mwanangu, ukubwa wake! Kila moja ni kama kifungo cha koti. Fundi friji aliisoma akiwa mlangoni. Baba yako mdogo aliisoma akiwa jikoni anatafuta sukari. Jirani wa ng'ambo ya uchochoro, ambaye hakualikwa, alichungulia dirishani kwake akauliza kisa cha yule bibi harusi kiliishaje. Mstari mmoja unabeba maneno manne, tena ya kujibana. Kisa changu kifupi sasa kina urefu wa kutoka hapa hadi sokoni, na mtu anakishuka kwa kidole mpaka kidole kinaomba kupumzika.

Umewachukulia wasomaji wangu kuwa akina nani? Nilikupigia simu kukuuliza, ukasema tu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Kisha ukaniambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa haukatiki, mwanangu. Nilikuwa nakusikia ukivuta pumzi.

3. PAZIA NA MAAMKIZI. Unajua fika kwamba mlangoni mwa blogu nilitundika pazia. Rangi yake damu ya mzee, mikunjo yake imelala kama inavyostahili kulala, pindo la chini limekwenda sawa na utepe wa dhahabu juu yake. Msomaji akifika, pazia linajifungua taratibu kutoka katikati. Ulilalamika kwamba taratibu hiyo ni taratibu mno, na mtu ataondoka kabla halijafunguka. Aondoke! Mgeni asiyeweza kusubiri pazia, hata chai hatasubiri ichemke, na mimi sikumwandikia mtu wa namna hiyo.

Nyuma ya pazia nilikuwa nimeweka maamkizi, na hapa naomba ukae kitako kwanza, maana hapa ndipo uliponitonesha. Maamkizi yenyewe yalikuwa mafupi: Hujambo? Habari za huko? Watoto hawajambo? Na wazee je? Msomaji anajibu moja baada ya jingine, ndipo anapita ndani. Umeyafuta yote kwa hoja kwamba baba yako mdogo aliyajaribu akakwama. Ni kweli alikwama. Alipoulizwa habari za huko aliandika ukweli, kwamba mgongo unamsumbua tangu alipohamisha kabati, na blogu ikakataa kumfungulia, kwa kuwa nilikuwa nimeiagiza ipokee "nzuri" peke yake. Akajaribu tena, akaeleza mgongo kwa urefu zaidi. Ikakataa zaidi. Lakini hilo si kosa la mlango. Hata mtu aliyelazwa wodini na mguu umening'inizwa juu, akiulizwa habari hujibu nzuri, kisha ndipo anapoeleza alivyovunjika. Baba yako mdogo aliruka hatua, na kwa kosa la mtu mmoja asiyejua kusalimiana, umeufungulia ulimwengu mzima uingie kwangu kimyakimya kama wezi.

4. SAFU YA PEMBENI. Upande wa kulia nilikuwa na safu iliyojaa neema. Kulikuwa na saa mbili, moja inayotaja saa kama tunavyotaja midomoni na nyingine kama inavyoonyesha mishale, ili kila mtu achelewe kwa saa anayoipenda. Kulikuwa na hali ya hewa, ya kwetu, ili anayesoma akiwa mbali ajue kama nimeanika nguo. Kulikuwa na samaki wadogo wanaokimbilia popote unapopeleka kipanya. Kulikuwa na kihesabu wageni, ambacho nilikianzisha kwenye elfu kadhaa ili mgeni wa kwanza asijione mpweke. Wewe ukaita huo udanganyifu. Mimi nauita ukarimu.

Na muziki, mwanangu! Kinanda kilikuwa kinaanza chenyewe pindi mtu anapoingia, na hakikuwa na kitufe cha kukizima, kwa sababu sikuona ni nani angetaka kukizima. Ulisema mtu anayesoma akiwa ofisini ataaibika. Mtu anayesoma blogu ofisini, saa za kazi za watu, anastahili kuaibika.

5. PICHA. Nilikupa picha zangu za kutosha, zote za studio, nimekaa mkao wa kueleweka, mkono mmoja juu ya goti na mwingine juu ya ua la plastiki. Umezitoa. Umeweka moja, ile ambayo wala sikukupa, sijui umeitoa wapi, nimevaa futi shingoni, pini nimezibana kwa midomo, nywele zimesimama, na ninacheka kitu kilichoko nje ya picha. Fundi friji alisema nimetoka vizuri sana. Sikumkaribisha chai ya pili. Kwa taarifa yako, kilichokuwa nje ya picha ni mama yako, akinionyesha jinsi mteja mmoja alivyokuwa anatembea. Kama unaona lazima picha hiyo ikae, basi na yeye angeonekana, tuaibike wote wawili.

6. MAANDISHI. Nimelifikisha hili hapa kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote. Umekichukua kisa changu, kile ambacho mimi nilikuwa nimekiweka chini kabisa, baada ya pazia, baada ya maamkizi, baada ya samaki na saa, mahali penye staha ambapo mtu hafiki mpaka awe amekusudia, ukakipandisha juu. Ndicho kitu cha kwanza kuonekana. Kwa kweli ndicho kitu pekee kinachoonekana. Nimefikiri tangu jana, na nimefikia uamuzi ambao nadhani fundi mwenzangu utauelewa: kama ukurasa una nafasi ndogo, na ni lazima kitu kitolewe, basi kitolewe kisa. Mapambo yabaki.

Usicheke. Nisikilize. Pazia nalijua. Nikilitundika naweza kusimama mbele yake na kumwambia mtu yeyote kwamba hapa hakuna kasoro. Maneno siyajui. Nimeyaandika, nimeyasoma, nimeyafuta, nimeyarudisha, na mpaka leo siwezi kukuambia kama yamenyooka au yamekwenda upande. Sasa wewe unaniwekea kitu nisichokuwa na uhakika nacho mbele ya watu, kikubwa hivyo, na kunifichia kile ninachokiweza. Ungekuwa wewe ungefurahi?

Kisa chenyewe unakijua, lakini nakirudia kwa ajili ya kumbukumbu za barua hii. Ni kile cha bibi harusi mtarajiwa aliyekuja kuagiza pazia la chumba chake. Tulipokwenda kupima, mimi na mama yako, tukakuta chumba hakina dirisha. Ukuta mtupu, na nyuma yake ukuta wa jirani. Yule binti alikuwa hataki wakwe wajue. Mimi kicheko kilinibana mbavu nikajifanya nakohoa. Mama yako hakucheka. Alisimama akautazama ukuta kwa muda, akachukua chaki, akachora dirisha palepale ambapo lingependeza kuwepo, akaniambia tupime. Nikapanda juu ya meza nikapigilia, tukatundika pazia refu la damu ya mzee, mikunjo miwili kwa mmoja, yaani kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha, na chumba kikapata dirisha. Siku ya wageni, mama mkwe akaomba lifunguliwe kidogo hewa iingie, na binti akamjibu kwamba nje kuna mbu wengi sana. Tulicheka kisa hicho mpaka tukazeeka nacho.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mama yako. Cherehani zetu zilitazamana kwenye chumba kile, na mimi nilikuwa fundi wa mikono, yeye alikuwa fundi wa jicho. Alikuwa akipita barabarani akitazama dirisha la ghorofa anakwambia kitambaa kitakachotosha, na mimi nikipanda na futi yangu naambulia kuthibitisha tu. Hakuna mtu duniani ambaye sifa yake niliitaka kama ya kwake. Alikuwa akitazama kazi yangu, akisema "imekaa", basi mimi siku hiyo nalala vizuri.

Tangu alipohamia kwa kaka yako huko mbali, mimi namwandikia. Namwandikia ujumbe mrefu, wenye habari, wenye vichekesho, na yeye ananirudishia dole gumba. Dole gumba, mwanangu! Nilipofunga chumba cha kushonea nilimwandikia yote: jinsi nilivyokaa sakafuni katikati ya vipande vya nyuzi nikalia kama mtoto, na jinsi nilivyoshindwa kuing'oa ile misumari aliyokuwa akitundikia mikasi yake. Nilikaa na simu mkononi nikisubiri. Likaja dole gumba. Nikimpigia na kumuuliza kama amesoma, anajibu ameona, ameona, halafu ananiuliza mgongo wa baba yako mdogo unaendeleaje. Nimeumia, na hadi leo sijamwambia. Nimejiuliza kama nimemchosha, au huko alikokwenda amepata wa kuzungumza nao wanaomfaa zaidi.

Ndiyo maana nikapamba. Nilisema, kama maneno yangu hayamvuti, yeye ni mtu wa jicho, basi nimshike kwa jicho. Akiona waridi atasimama. Akiona pazia limekwenda sawa atataka kujua nani amelikunja. Atajikuta amefika chini, na akifika chini atasoma hata kwa bahati mbaya. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Wewe, binti yake wa kumzaa, unayejua vizuri kuliko mtu yeyote mama yako anapenda nini, ukauchukua mpango huo ukaufuta kama mtu anayepangusa meza.

7. MAOMBI NA HATUA ZITAKAZOFUATA. Kutokana na maelezo hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Waridi zirudi, na ziongezwe, maana nimepata mabaki mengine yenye kipepeo. Herufi zirudi na mikia yake. Mapazia yawe mawili, la nje zito na la ndani jepesi, kama inavyotakiwa kwenye nyumba yoyote inayojiheshimu. Maamkizi yarudi na yaongezwe swali la afya, ili baba yako mdogo naye apate pa kuelezea mgongo. Kisa kifutwe kabisa, ibaki nafasi yake iliyopambwa, na anayetaka kukijua anipigie simu.

Usipofanya hivyo, nitaiandikia familia nzima kupendekeza uvuliwe cheo cha kuwa mtu wetu wa kompyuta, na cheo hicho apewe fundi friji. Nimeshazungumza naye. Anasema hajawahi kutengeneza blogu, lakini kwa uzoefu wake kitu chochote chenye waya kikigoma dawa yake ni kukichomoa kidogo kipumzike. Zaidi ya hapo, nitapanda mwenyewe ngazi za hapo kwenye duka la dawa, na ngazi ya kukunja begani, kuja kuvua mapazia niliyokushonea bure ulipohamia ofisi hiyo. Utakaa na dirisha lako jeupe. Jua la mchana litakupiga usoni, wapita njia watakutazama ukila, na wewe utakuwa na nafasi tele ya kupumua.

Natumaini umenielewa. Nakuandikia hivi kwa sababu nakupenda, na kwa sababu ukinikasirisha kwa simu unajifanya mtandao umekatika.

Nisalimie wenzako wote wa ofisini, na yule mama wa duka la dawa, mwambie ile dawa ya kuchua imefanya kazi kwenye bawaba ya mlango, kwenye mgongo bado. Baba yako mdogo anakusalimu sana. Fundi friji anakusalimu, na anauliza kama cheo kina kitambulisho. Msalimie na kaka yako ukizungumza naye, pamoja na watoto wake wote na mke wake. Mama yako usimpe salamu zangu. Au mpe. Mpe tu.

Ni mimi, mwenye blogu iliyovuliwa nguo,

Mama Yako Mdogo,
Fundi Mapazia (Mstaafu).

Nakala kwa:
Mama yako mzazi (atume dole gumba, kama kawaida yake).
Fundi friji (kwa maandalizi).
Baba yako mdogo (ameisoma begani kwangu wakati naandika, na amenisahihisha mahali).

Nyongeza, baada ya sahihi: Mwanangu, nilikuwa natafuta bahasha simu ikalia. Alikuwa mama yako, na hakunisalimia. Alianza moja kwa moja kunigombeza. Alisema aliyepanda juu ya meza kupigilia ni yeye, mimi nilikuwa chini nimeshika miguu ya meza na kupiga kelele kwamba tutakufa. Alisema pazia lilikuwa la kijani, damu ya mzee tuliitundika kwa mtu mwingine kabisa. Alisema yule binti hakutaja mbu, alitaja vumbi, na kwamba kama nitaandika basi niandike kilichotokea. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza ni nani aliyemsomea.

Akasema hakuna, amesoma mwenyewe. Jana ulimtumia, mmoja wa watoto wa kaka yako akamfungulia kwenye simu yake, akaenda kukaa nayo peke yake mahali penye mwanga, akaisoma neno kwa neno mpaka mwisho, akarudia. Ndipo akanieleza. Macho yamemwacha siku nyingi. Ujumbe wangu wote huuona kama vumbi juu ya kioo, na dole gumba analijua kwa mahali linapokaa, ndiyo maana hulituma hilo. Kumwomba mtu amsomee maneno yangu hakutaka, na kuniambia mimi aliona aibu, mimi niliyezoea kumwona akipima ghorofa kwa kulitazama tu. Na wewe alikuapisha usiseme. Kumbe ulipokuwa ukivuta pumzi kwenye simu ulikuwa umeshikilia siri ya mama yako, huku mimi nakutishia kukuvulia mapazia.

Nimelia, mwanangu. Baba yako mdogo naye ametokwa na machozi, anasema ni mgongo.

Kwa hiyo barua hii yote uihesabu kuwa haijaandikwa. Usirudishe chochote. Hizo herufi, kama bado kuna nafasi, ziongeze ukubwa, hata mstari ukibeba neno moja moja mimi sina neno. Fundi friji nimemwambia nafasi imejazwa. Kuna ujumbe mmoja wa zamani, ule wa siku nilipofunga chumba cha kushonea, ambao mama yako hakuwahi kuusoma, nitauandika upya humo humo, na wengine wakiusoma shauri yao.

Lakini hilo litasubiri kidogo, maana kabla ya kukata simu ameniambia kesho akishakunywa chai atakaa tena palepale kwenye mwanga, na nisimkalishe bure. Niache sasa. Sijaandika hata mstari.